Maji ndani ya chupa ya gazi

Jumamosi, mwezi wa kumi na moja. Mvua ilianza kabla ya kengele ya misa ya asubuhi na mpaka sasa haijachoka. Ziwa limefichwa kabisa. Kutoka hapa kwetu Kadutu unaona mabati ya majirani, halafu weupe, halafu basi. Siku kama hii magoti yangu hunisomea habari ya hali ya hewa bila redio. Lakini moyo umetulia. Nina kahawa, nina sigara moja mfukoni, na sina moto wa kuiwashia.

Hiyo ya mwisho ndiyo habari ya leo.

Kwanza nieleze mambo yalivyoanza, maana huu ukurasa wa mtandaoni wanausoma hata watu wasionijua. Binti yangu Nsimire ndiye aliyenifungulia. Alisema, "Papa, andika huko, utaacha kusumbua watu hapa nyumbani." Ninaandika. Kusumbua sijaacha.

Bibi yangu, Mama Nsimire, amepikia makala, yale makaa ya miti, maisha yake yote, na kabla ya makala zilikuwa kuni. Jiko letu lina dirisha moja, la kupitisha paka mwembamba. Kiangazi kilichopita kifua chake kikaanza kupiga filimbi. Filimbi kabisa: akipanda ile njia ya udongo kutoka barabarani, ukiwa nyuma yake unaisikia. Daktari akamwekea kile chuma chake baridi mgongoni, akasikiliza, akasema maneno mengi ya Kifaransa, halafu neno moja tulilolielewa wote. Moshi. Moshi basi. Wa kuni, wa makala, na wa sigara za huyu muzee aliyekaa pale kwenye kiti.

Kwenye kiti nilikuwa mimi.

Kwa hiyo nilifanya mazishi ya sigara. Niliwaita bibi na Nsimire mbele ya choo, nikavua kofia, nikachora msalaba hewani na kuitumbukiza pakiti shimoni. Bibi alifuta machozi. Pakiti ilikuwa tupu, lakini mazishi yalikuwa mazuri. Mwenzake aliyejaa alibaki nyuma ya kibanda cha sungura, ndani ya kopo, pamoja na brike yangu, kile kiberiti cha plastiki cha kubonyeza kwa kidole gumba. Sungura hawasemi.

Nsimire anafanya kazi ofisini na anaamini kila taabu ina chombo chake. Akaleta chupa ya gazi, ya chuma, nzito kama dhambi, na jiko lake la kuwashia juu ya meza, na mpira wa kuviunganisha. Akaonyesha: unafungua hapa, unanusa mpira kama hauvuji, unawasha pale, ukimaliza unafunga, dirisha liwe wazi. Moto ukatoka wa buluu, hauna moshi hata wa kumfukuza mbu. Bibi akapika chai, akasimama akiitazama ile buluu kama mtu anayetazama mgeni aliyevaa vizuri mno.

Sasa mimi nina ugonjwa ambao hakuna daktari ameupatia dawa. Siwezi kuona kitu kipya nisikitanie. Nikakaa mlangoni na kikombe changu nikamwambia, "Mama Nsimire, ukipika uvae kitenge cha Jumapili. Hii kitu ikipasuka tunafika kwa Petro mutakatifu mbele padri hajamaliza mahubiri, na ule muzee hapendi watu wachafu."

Akacheka. Kicheko kidogo. Ningekuwa na akili ningesikia kwamba kilikuwa kidogo.

Siku iliyofuata nikaitikisa chupa.

Hapa mjini hatununui kitu cha kumiminika bila kukitikisa karibu na sikio. Mawese, petroli, asali, kasiksi, ile pombe ya ndizi, vyote tunatikisa. Muuzaji anaongeza maji, mnunuzi anatikisa, ndiyo maelewano yetu na tumeishi nayo vizuri. Basi niliinamisha chupa, nikaweka sikio, nikatikisa.

Chwa-chwa-chwa.

Nilisoma mpaka mwaka wa sita wa primeri, siyo mbali, lakini lile somo nilikuwepo. Mwalimu alituimbisha: barafu, maji, mvuke. Kigumu, kimiminika, gazi. Na gazi, alisema, ni kama hewa, haishikiki, haionekani, haikai mahali pamoja, kama mimi saa ya kufagia darasa. Hakusema popote kwamba gazi inaweza kulia chwa-chwa ndani ya chuma. Labda aliifundisha mwaka wa saba. Mwaka wa saba mimi nilikuwa nachunga ng'ombe wa mjomba.

Nikapata na ushahidi wa pili. Bibi alikuwa amebandika maharagwe, na maharagwe ya hapa kwetu milimani yanachemka mpaka unasahau uliyabandika kwa ajili ya nani. Moto umekaa juu muda mrefu. Nikaishika chupa: baridi kama jiwe la mtoni. Na jasho! Chuma chote cha chini kimelowa matone, mpaka katikati hivi, halafu juu kukavu. Nikapangusa kwa kidole, nikaonja. Maji. Maji safi, hayana hata chumvi.

Nikasimama katikati ya jiko kama mwendesha mashtaka. "Mama Nsimire, wametuuzia maji! Yanalia ndani, yanavuja nje, na unaona pale yalipofika!"

Yeye akaacha kijiko. "Na ule moto unatoka wapi?"

"Wamechanganya. Gazi kidogo juu, maji chini. Kama wale wa petroli."

Nilisema hivyo kwa furaha, na ndiyo inayonisumbua leo ninapoandika. Nilikuwa nimefurahi kumshinda mtu ambaye hata hakuwepo.

Nikaenda na chupa kumkuta muuzaji. Nilipanda pikipiki mpaka dukani kwake Nguba nikiikumbatia chupa kama mutoto mchanga anayepelekwa kubatizwa. Muuzaji anaitwa Dezire, kijana mwenye kitambi cha mapema. Kulikuwa na wamama wanangoja zamu, nami napenda kanisa likijaa.

"Dezire, umeniuzishia maji."

"Papa, ile haiko maji. Iko gazi. Inalala."

"Gazi inalala?"

"Wameifinya sana, ikalala ikakuwa kama maji. Ukifungua inaamuka."

"Nami bibi yangu ananifinya tangu tuoane, bado sijakuwa maji."

Wamama wakacheka, mmoja akashika ukuta. Dezire akangoja, ana subira ile ya watu wanene. Halafu akasema, "Na ile jasho, papa, haitoke ndani. Iko maji ya hewa inashika ku chuma ya baridi. Baridi haina shida. Joto njo shida. Usiiweke karibu na makala hata siku moja. Ikipata joto yote itataka kuamuka mara moja, na mulango hakuna."

Sikumsikia. Nilikuwa nahesabu vicheko. Nikamwambia kwamba padri pia ananiambia kuna vitu vinalala halafu vitaamka siku ya mwisho, na yeye angalau hanitozi kujaza chupa. Nikarudi nyumbani mshindi.

Na Mama Nsimire akarudi kwenye makala.

Hakugomba. Alifunga ile koki ya chupa mpaka mwisho, akaisukuma pembeni, akaweka juu yake kikapu cha sambaza kavu, wale dagaa wa ziwa letu, kama vile ni kiti. Akasema tu, "Kama wanachanganya, nani anajua wamechanganya nini? Wewe mwenyewe ulisema itapasuka." Akatoa mbabula yake ya zamani chini ya meza, akaijaza makala, akaanza kupepea.

Nilimwambia nilikuwa natania. Akaniuliza lini: nilipotania kwamba itapasuka, au nilipotania kwamba ni maji, au sasa hivi? Swali zuri. Nikaenda kuwapa sungura majani.

Filimbi ikarudi. Ilikuwa imepungua zile siku chache za moto wa buluu, wote tulisikia. Sasa ilirudi na wenzake: kikohozi kirefu, kile cha kumfanya ashike meza.

Jumatano nilienda nyuma ya kibanda cha sungura kuwaza, na kuwaza kwangu kunahitaji moshi. Jua lilikuwa limetoka kidogo. Nikainua brike niwashe, na mwanga ukapita ndani yake. Ni ya buluu, ile plastiki unayoona ndani. Nimekuwa na brike kama hii mfukoni tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, nyingi zimekwisha mikononi mwangu, na sikuwahi kuitazama. Mle ndani kuna maji. Yamefika katikati.

Nikaitikisa karibu na sikio, kwa mazoea tu. Chwa-chwa. Kasauti kadogo, mutoto wa ile sauti kubwa.

Nikabonyeza bila kuzungusha gurudumu, moto usitoke. Ssss. Hakuna tone lililotoka. Nikaweka kidole mbele ya tundu: hewa, na hewa ya baridi. Kidole kikavu. Nikawasha: moto. Nikainua tena kwenye mwanga: yale maji yametulia mle ndani kama hayakusikia lolote.

Sungura mmoja alinitazama akitafuna. Nadhani yeye alielewa kabla yangu.

Ndiyo hivyo basi, gazi inalala. Imefinywa, ikawa maji. Unaifungulia katundu, inaamka na kuwa hewa, na ikiamka inabeba joto la chumba chake. Ndiyo maana chupa inakuwa baridi huku juu ya meza maharagwe yanachemka. Nilikumbuka misa ya Noeli pale parokiani. Watu wamejazana mpaka huwezi kuinua mkono kujikuna, ukisogea mmoja wanasogea wote, tumekuwa uji mmoja. Hayo ni maji. Padri akifungua mlango, kila mtu anakimbilia kwake, mmoja huku, mwingine kule, hakuna wa kuwakusanya tena. Hiyo ni gazi. Na kila anayetoka anatoka na joto lake. Rudi baada ya robo saa kuchukua mwavuli uliousahau, uone kanisa lilivyopoa.

Nilijipongeza kwa ile ya Noeli. Halafu sigara ikaisha na nikabaki na tatizo.

Kumwonyesha Mama Nsimire ningehitaji brike. Na kutoa brike mfukoni mbele yake ni sawa na kufukua maiti niliyoizika mbele ya mashahidi. Kwa hiyo niliirudisha ndani ya kopo. Jumatano nikanyamaza. Alhamisi nikanyamaza. Ijumaa alikohoa mpaka uji ukamwagika, nami nikafuta meza, nikanyamaza vizuri sana.

Ni aibu kuandika hivyo. Nimeandika.

Leo asubuhi, na hii mvua, aliingiza mbabula jikoni kabisa. Mlango umefungwa kwa sababu ya upepo, dirisha la paka limezibwa na gunia. Mimi niliingia kutafuta kahawa. Moshi ulikuwa umejaa mpaka kwenye dari, yeye amekaa kwenye kigoda na kitambaa mdomoni, na mbabula, ikiwa nyekundu kama tumbo la kuzimu, imewekwa mahali pekee palipokuwa pakavu.

Ubavuni mwa chupa ya gazi. Zimegusana kama wachumba.

Niliweka kiganja kwenye chupa. Ile iliyokuwa baridi kama jiwe la mtoni ilikuwa ya moto, upande mzima. Na hapo, baada ya siku zote hizo, nikamsikia Dezire. Joto njo shida. Mulango hakuna. Nikaliona kanisa la Noeli, milango imefungwa kwa nje, na mtu amewasha moto chini ya benchi.

Sikutania. Naandika hivyo kwa sababu ni jambo la kuandikwa. Nilitupa kikapu cha sambaza, nikaikumbatia ile chupa na miaka yangu yote, nikapiga mlango teke, nikaipeleka mpaka katikati ya uwanja kwenye mvua. Matone yaliyoipiga upande ule wa moto yalikauka papo hapo. Nikasimama kando, nimelowa, mgongo unaniuliza maswali.

Mama Nsimire alitoka mlangoni. "Papa Nsimire! Uko na wazimu? Unaogesha chupa?"

"Usiiweke karibu na makala! Itapasuka!"

"Si ulisema iko maji?" Alikohoa, akangoja pumzi irudi, akamalizia. "Maji inaogopa makala tangu lini?"

Nimetania watu wengi katika mji huu. Sijawahi kupigwa hivyo kwa jiwe langu mwenyewe.

Ningeweza kusema Nsimire alipiga simu. Ningeweza kusema nimesikia kwenye redio. Uongo wa namna mbili tatu ulikuja, umenawa uso, tayari kwa kazi. Lakini alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili, na filimbi niliisikia kutoka kule nilikosimama, juu ya mvua, juu ya mabati.

Nikaenda nyuma ya kibanda cha sungura nikarudi na brike.

Nilifungua kiganja mbele yake. Hakuitazama brike kwanza, alinitazama mimi. Alinitazama muda ule ambao mtu anaweza kusali Salamu Maria yote bila haraka. 

"Inua kwenye mwanga," nikasema mwishowe. "Unaona nini?"

"Maji."

"Tikisa."

Akatikisa karibu na sikio, kama sisi wote. Chwa-chwa. Uso wake haukubadilika.

"Lete kidole." Nikabonyeza bila kuwasha. Ssss.

"Iko baridi," akasema.

"Imelowa?"

Akasugua vidole. "Hapana." Halafu akaichukua mwenyewe, akabonyeza tena, na tena, sikio karibu, kidole mbele, kama anayekagua yai sokoni. Nikamweleza misa ya Noeli. Nikamweleza jasho la chupa, kwamba ni lile lile analoliona chini ya kifuniko cha sufuria, na kwamba pale jasho linapoishia ndipo ile gazi iliyolala imefika. Nikamweleza Dezire alisema nini, na kwamba mimi nilikuwa nasikiliza wamama. Nikamwambia ile chupa na makala zisionane tena, hata kwa salamu.

"Haijachanganywa?"

"Haijachanganywa. Mimi njo nilichanganya."

Akaingia ndani. Akatoa mbabula nje kwa koleo, akaiweka chini ya paa la sungura, mbali. Akaondoa gunia dirishani. Mvua ilipopungua, na chupa imepoa kabisa, tuliirudisha wawili. Alifungua taratibu, akanusa mpira wote kama Nsimire alivyomfundisha, halafu akazungusha gurudumu la brike yangu. Moto ukatoka wa buluu. Akabandika maharagwe.

Nikanyoosha mkono. "Aksanti. Sasa nirudishie."

Mama Nsimire ana uzi shingoni wenye medali ya Bikira. Aliufungua pale pale, akaufunga kwenye brike kwa fundo la kufungia mbuzi, akairudisha shingoni. Bikira na brike, kifuani pamoja.

"Hii njo ya jiko," akasema.

"Na miye?"

"Wewe? Wewe ulishazika zako. Hata kofia ulitoa."

Sasa ni saa ya jioni. Maharagwe yameiva, nimeyala, na sitasema kama yalikosa ile ladha ya makala kwa sababu nimeulizwa mara mbili nikajibu mara mbili. Chupa imetoa jasho lake mpaka chini kidogo ya katikati. Nilimwona bibi akipitisha kidole pale linapoishia, akichora mstari, akitabasamu peke yake kama mtu aliyesoma barua.

Sigara ninayo bado mfukoni, imeanza kulowa. Moto uko kwa jirani, kuna matope, kuna magoti. Na ule mwingine umelala shingoni mwa bibi yangu, maji kidogo ya buluu, kila asubuhi atayapunguza kwa kuwasha jiko, nami sitajua yamefika wapi mpaka aniite nikaribie.

Mvua imekata. Nimezoea kutikisa kitu ndipo nisikilize. Leo nimekaa tu nimeegemea ukuta wa chumba cha Mama Nsimire, nasikiliza kifua chake, bila kutikisa chochote.

Amekohoa. Mara moja, kifupi.

Kesho nitakaa hapa hapa tena.